Ushahidi wa Mtani

1

Wataalamu walikipa kimbunga kile jina lao la kitaalamu, lakini watu wa Nampungu walikiita Shangazi. Kilikuja bila taarifa, kikakaa muda mrefu kuliko kilivyokaribishwa, na kilipoondoka hakuna kitu ndani ya nyumba kilichobaki mahali pake. Paa za umeme wa jua za sokoni zilikutwa kwenye mashamba ya chumvi. Kinyozi alikiokota kiti chake katikati ya uwanja wa mpira, kimesimama wima kama kinachosubiri mteja. Na sufuria la ugali la Bi Somoe Likwata, mama ntilie wa pembeni ya soko, lilionekana juu kabisa ya mlingoti wa mawasiliano, limeufunika kama kofia. Vijana walilishusha kwa kamba. Halikuwa limebonyea hata kidogo.

Sufuria hilo ndilo lililobaki. Mgahawa wenyewe, pamoja na mabenchi, jiko la jua na ile turubai ya bluu ambayo kila mgeni alielekezwa kwayo, ulikuwa umegeuka kiwanja kitupu chenye kaa mmoja aliyekuwa akipita kama mwenye nyumba.

Siwema alifika maji yalipokwisha kupungua, akiwa amebeba Sikio mgongoni.

Alikuwa ametoka chuoni mwaka huohuo, na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza. Siku ya kula kiapo wenzake walipiga picha, yeye alilia. Maneno ya kiapo yalikuwa machache: mkono wangu hautagusa kilichosikiwa. Siwema aliona hayo ndiyo maneno mazuri kuliko yote aliyowahi kutamka. Alijua, kama kila mtu alivyojua, jinsi misaada ya maafa ilivyogawiwa zamani. Aliyejua kuandika alipata, na aliyemjua mwandishi alipata zaidi. Ndiyo maana Mfuko wa Wafanyabiashara Wadogo ukaachana na maandishi, ukaleta Sikio.

Lilikuwa na ukubwa wa fenesi, limejaa vitundu, na lilisimama kwa miguu mitatu. Halikumsikiliza mwenye biashara, kwa sababu kila mtu ni fundi wa kueleza shida zake. Lilisikiliza majirani. Mtu akipita na kusema lolote kuhusu duka la fulani, Sikio lilipima mtetemo wa sauti yake, mapigo ya moyo wake kwa mbali, na joto la uso wake. Waliolibuni walikuwa na imani moja: mwongo ana kitu anachokificha, na anayeficha hubana koo. Asiyebana koo anasema kweli. Kweli ikishathibitika, Sikio huwaka kijani, na mbayuwayu wa mizigo, ile mitambo ya kuruka ya Mfuko, huleta mabati, jiko na akiba ya kuanzia.

Siwema alilisimamisha katikati ya soko, akawaomba watu waendelee na mazungumzo yao kama kawaida. Hilo halikuwa gumu. Nampungu palikuwa hapajawahi kukosa mazungumzo. Kabla ya adhuhuri kinyozi alikuwa ameshawaka kijani, kwa sababu watu watatu walimlalamikia jinsi alivyowanyoa, na malalamiko yao yalikuwa ya kweli tupu.

Kisha akaja Komba.

Gaudensi Komba alikuwa seremala, Mngoni aliyehamia pwani ujanani na hakuacha kuisifia Songea hata siku moja. Alikuja na msumeno begani, akasimama mbele ya kile kiwanja kitupu. Bi Likwata alikuwa amelifudikiza sufuria lake na kulikalia kama kigoda. Tangu Shangazi apite watu wote walikuwa wamempa pole, naye aliwajibu wote "nimeshapoa" kwa sauti ya mtu asiyekuwepo.

Komba aliutazama mchanga kwa muda mrefu, akamtazama na yule kaa.

"Hapa palikuwa na mgahawa?" akauliza. "Mbona mimi sijawahi kuuona?"

Watu waligeuka.

"Nilichokuwa nakiona hapa ni Mngindo mmoja anachemsha gundi. Ule ugali wako wa muhogo niligandishia miguu ya meza, mpaka leo haijang'oka. Kimbunga hakijabomoa kitu hapa, kimefanya usafi. Na nasikia Shangazi hakuwa na ubaya na mtu. Alipoonja mchuzi wako ndipo akapandwa na hasira."

Bi Likwata aliinua uso polepole. "Mngoni," alisema, "wewe uliyekuwa ukilamba sahani mpaka maua yake yakafutika, leo umepata mdomo."

Halafu akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kicheko kikageuka kilio, kilio kikageuka kicheko tena, na alipomaliza alikuwa amerudi usoni mwake. Komba aliketi mchangani kando yake. Watu walirudi kwenye shughuli zao wakiwa wametulia, kwa sababu jambo lililokuwa likingojewa lilikuwa limefanyika: mtani amefika msibani. Tangu vita vya mababu zao vilipokwisha, Wangoni na Wangindo walikuwa wamekubaliana kwamba atakayepigwa na dunia, mwenzake atakuja kumcheka, na hakuna mwingine atakayeruhusiwa.

Lakini Sikio halikuwa na babu. Lilikuwa halijawahi kukutana na koo lililofunguka namna ile. Moyo umetulia, uso umepoa, sauti imenyooka kama rula. Likatangaza kwa ule ufasaha wa msomaji wa taarifa ya habari:

"Shahidi wa daraja la juu kabisa. Biashara ya chakula haikuwepo. Ombi la Somoe Likwata limekataliwa."

2

Kukataliwa na Sikio hakukuwa kukosa mabati tu. Kamati ya soko ilikuwa ikigawa upya viwanja kwa kufuata taa za kijani, na asiyewaka kijani hadi Ijumaa, siku ambayo Sikio lingechukuliwa, kiwanja chake kingepewa mwingine. Bi Likwata alikuwa amepika pale tangu kabla Siwema hajazaliwa.

Siwema hakuwa na hofu sana mwanzoni. Aliamini kweli ni kama boya, hata ukilizamisha huibuka. Aliwaomba majirani waje mmoja mmoja waseme wanachokijua, na walikuja kwa wingi, wamenawa nyuso, wameshajua cha kusema. Hapo ndipo palipoharibika. Walikuwa wakimtakia Bi Likwata mema kiasi kwamba mioyo iliwaenda mbio. Muuza dagaa aliapa kwa jina la marehemu mama yake, Sikio likawaka njano. Mpiga randa mmoja wa jirani akasema chakula kilikuwa kitamu mno, njano. Sikio lilisema mashahidi wamejiandaa.

Basi ikabaki njia moja, Komba mwenyewe atengue maneno yake.

Komba alipoambiwa alionekana kama mtu aliyeombwa atembee uchi. Alimweleza Siwema kwamba yuko tayari kumsaidia Bi Likwata kwa lolote, kumjengea mabenchi bure, kumchimbia hata choo, lakini kumsifia mbele za watu ni jambo jingine. Mtani husifiwa akishakufa, na hata siku hiyo si kwa haraka. Siwema alimsihi kwa macho yake makubwa ya imani, na hakuna seremala aliyewahi kuyashinda macho kama yale. Akakubali.

Alikuja amevaa suti aliyoolea, ile ambayo vifungo vyake viliacha kukutana miaka mingi nyuma. Bi Likwata alikuwa amejifunika kanga usoni kwa aibu ya kumwonea aibu mwenzake.

"Bi Likwata," Komba alianza. "Huyu mama... chakula chake..." Jasho lilimchuruzika mpaka kidevuni. "Ni... kizuri."

Sikio liliwaka jekundu, rangi ambayo Siwema alikuwa ameiona kwenye mafunzo tu.

"Uongo wa kiwango kikubwa," likatangaza. "Shahidi amelazimishwa. Ombi hili sasa lina shaka ya njama."

Komba alivua koti palepale, akajipepea nalo. "Nilikwambia, binti," akamwambia Siwema. "Hata mashine imeona haya."

3

Alhamisi Siwema alimpigia simu mkuu wake, Bwana Mwinjaka, aliyekuwa makao makuu kwenye ofisi yenye ubaridi. Alimweleza yote, kwa kirefu, na alipomaliza alisikia mtu akicheka kwa upole.

Mwinjaka alimweleza kwamba tatizo hilo ni dogo. Ndani ya Sikio mlikuwa na kitufe cha kufuta, na ufunguo wake alikuwa nao yeye. Maneno ya yule seremala yakifutwa, yote mawili ya kashfa na ya sifa, majirani wakasikilizwa upya, mama wa watu atapata haki yake. Kiapo? Kiapo ni kizuri, alisema, hata yeye alikula. Kisha, kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo akiwa mlangoni, akataja kwamba ana shemeji yake hapohapo Nampungu, aliyekuwa na chumba cha barafu cha kuhifadhia samaki, ambacho kwa bahati mbaya majirani wanasema hawakukiona. Hilo nalo lingeweza kutazamwa kwa pamoja.

"Nifungulie nikufungulie, Siwema," alisema. "Hakuna anayeumia."

Siwema aliomba afikirie. Hilo la kuomba kufikiria lilimwumiza kuliko yote, kwa sababu siku ya kiapo asingedhani angehitaji. Alizunguka soko akiwa na simu mkononi. Upande mmoja alimwona mama aliyenyimwa haki yake na mashine aliyoileta yeye, mgongoni mwake mwenyewe. Upande wa pili aliuona mlango: ukishaufungua kwa ajili ya mtu mwema, shemeji ataingia kwa nyuma, na nyuma ya shemeji kuna foleni ya mashemeji. Mlango ule ndio uliofanya Sikio libuniwe.

Mwishowe akaenda kuketi mchangani kando ya sufuria, akamwambia Bi Likwata kila kitu, pamoja na shemeji.

Bi Likwata alimsikiliza huku akilipangusa sufuria kwa ncha ya kanga, ingawa lilikuwa safi.

"Nakitaka kiwanja changu," alisema. "Usidhani mimi ni mtu wa kushiba maneno. Usingizi siupati. Lakini mwanangu, watu wote hawa walinipa pole, na kila pole ilinikumbusha kwamba nimekwisha. Komba ndiye aliyekuja kunitukana kama mtu ambaye bado yuko. Sasa ukiyafuta maneno yake, msiba wangu utakuwa umepita bila mtani."

"Na kiwanja?"

"Kitakwenda, kama ni cha kwenda." Mkono ukasimama juu ya sufuria. "Ila usinifanye ngazi ya shemeji ya mtu."

Siwema alimrudishia Mwinjaka jibu kwa ujumbe mfupi wa neno moja, hapana. Kisha akaenda nyuma ya ghala la chumvi akalia, kwa sababu alikuwa ametenda haki na haki haikumsaidia mtu yeyote.

4

Ijumaa mchana mbayuwayu mkubwa alitua uwanjani kuja kulichukua Sikio. Mjumbe wa kamati ya soko alikuwa ameshaanza kupigilia vigingi kwenye kiwanja cha Bi Likwata, akipigilia taratibu na kuomba radhi kila nyundo ilipotua. Bi Likwata alisimama pembeni. Sufuria lilikuwa chini, miguuni pake.

Komba alipita na msumeno wake. Alivitazama vigingi, akaliweka lile sufuria kichwani, akaendelea na safari.

Hapo yapasa kueleweka kwamba hakuiba. Mtani ana haki ya kuchukua kitu cha mtani wake mchana kweupe, na mwenye kitu haruhusiwi kukasirika. Hukikomboa, mara nyingi kwa chakula. Bi Likwata alilijua hilo, na tayari alikuwa amedaka ncha ya koti la Komba huku akicheka.

"Mtumwa wangu, unakwenda wapi na sufuria?"

"Biashara haikuwepo," Komba alijibu bila kugeuka. "Serikali yenu ya fenesi imesema. Asiye na biashara hana haja ya sufuria. Nakwenda kufugia bata."

Lakini wateja hawakuwa watani wa Komba. Mpiga randa ndiye aliyeona kwanza, akatupa randa chini. Alitaka kujua huyo bata atakula nini, maana yeye tangu afiwe na mkewe hajapikiwa na mtu mwingine isipokuwa sufuria hilo. Muuza dagaa akaacha meza yake na paka akaingia kazini. Alipaza sauti kwamba dagaa wake wa kila siku walikwenda kwa Bi Likwata, sasa amuuzie bata? Kijana wa mizigo akasema alimposa mchumba wake kwenye benchi la pale, na kama si ule mchuzi msichana asingekubali, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na cha kuonyesha. Mwalimu mkuu, ambaye mkewe alikuwa amesimama bega kwa bega naye, alitamka mbele ya umma kwamba ugali wa Bi Likwata ndio uliokuwa ukimwezesha kuvumilia chakula cha nyumbani.

"Kweli," Sikio likasema. "Kweli tupu."

Mke wa mwalimu aligeuza shingo polepole.

Hakuna aliyekuwa amejiandaa. Hakuna hata aliyekumbuka kwamba kuna mashine. Walikuwa wamemzunguka Komba, kila mmoja ameshika upande wake wa sufuria, wanavutana, wanasukumana, na makoo yote yamefunguka kama milango ya harusi. Taa za Sikio zilikuwa zikikimbizana, njano, kijani, nyekundu, kijani. Kisha zikasimama zote.

"Afisa," likasema. "Kuna dalili za ugomvi. Maneno ya ugomvi si ushahidi, na kanuni inataka unizime. Je, huu ni ugomvi?"

Siwema alikuwa na kidole juu ya swichi. Yeyote angeona ugomvi. Bosi wake angeona ugomvi. Na alijua kwamba akidanganya, hata kwa nia njema, chombo kilekile alichokiamini kitalisikia koo lake. Alimtazama Bi Likwata, aliyekuwa bado ameng'ang'ania koti la Komba, anacheka machozi yanamtoka. Akaiondoa mikono kwenye mashine, akaifunga mgongoni.

"Hapana," alisema. "Ni utani."

"Neno hilo halimo katika mafunzo yangu. Ni aina ya uongo?"

Siwema alifikiri. "Si uongo. Uongo una mtu anayefichwa. Huu kila anayeusikia anaujua."

"Kama kila mtu anajua, kwa nini usemwe?"

"Ili aliyepigwa asibaki peke yake."

Mbayuwayu alianza kuunguruma kwa papara, Siwema akampungia mkono asubiri, kama mtu anayemzuia mgeni asiingie jikoni.

"Sauti yako haina mbano," Sikio likasema hatimaye. "Nina swali jingine. Shahidi Komba, aliposema hapakuwa na mgahawa. Huo nao ulikuwa utani?"

Moyo wa Siwema ulipiga kwa nguvu, na alijua kwamba Sikio linausikia. Je, huku si kugusa? Alijiuliza, na alijiuliza kwa haki, kwa sababu alikuwa akilitamani sana jibu. Lakini hakuwa akifuta neno la mtu. Ameulizwa, na anajua.

"Ndiyo," alisema. "Na wote waliokuwa wamesimama pale walijua. Asiyejua ulikuwa wewe peke yako."

Watu walikuwa wameanza kunyamaza, mmoja baada ya mwingine, mikono bado iko kwenye sufuria.

"Maneno yake yanabaki," Sikio likatangaza. "Maana yake imebadilika. Mgahawa ulikuwepo."

Likawaka kijani, mwili mzima, mpaka vitunduni.

Hakuna aliyeshangilia. Mjumbe wa kamati alianza kung'oa vigingi, naye safari hii hakuomba radhi. Komba alilishusha sufuria, akalitazama kwa masikitiko kama mtu aliyekosa bata.

"Komboa," akamwambia Bi Likwata.

Simu ya Siwema ilikuwa ikitetemeka mfukoni, na jina la Mwinjaka lilikuwa likiwaka. Siku ya kumjibu ingefika, na Siwema alijua haitakuwa siku nyepesi. Aliiacha itetemeke.

Mawe matatu yaliletwa, kuni zikaokotwa kwenye vifusi vya Shangazi, muuza dagaa akatoa dagaa wale ambao paka alikuwa amewahurumia. Bi Likwata alisonga ugali juu ya mchanga mtupu, mahali palepale palipokuwa na jiko lake, na mwiko wake ulikuwa ubao wa benchi lake mwenyewe. Watu walikaa duara. Tonge la kwanza lilikuwa haki ya Komba. Alilibinyabinya, akalichovya, akatafuna kwa muda mrefu macho yakiwa angani.

"Gundi," akasema.

Wakacheka wote. Sikio, ambalo lilikuwa limeshafungwa nusu kwenye mkoba wake, liligeuza vitundu upande wa Siwema.

"Afisa," likauliza kwa adabu. "Hilo nalo ni utani?"

Siwema, ambaye hakuwahi kulidanganya Sikio, alifungua mdomo ajibu. Hakuweza. Ugali ulikuwa umemganda kwenye kaakaa.